Anwani tegemezi

Anwani tegemezi ni anwani ya wavuti isiyotaja itifaki wala jina la seva. Kivinjari huikamilisha kwa kurejelea anwani ya ukurasa ilimoandikwa. Kanuni zake zimo katika hati ya RFC 3986 ya mwaka 2005. Ikianza na mkwaju (/) mmoja, huhesabiwa kutoka mzizi wa seva. Isipoanza nao, kutoka folda ya ukurasa. Hivyo tovuti iliyojengwa katika localhost/duka/, yaani kwenye kompyuta ya mjenzi mwenyewe, ikihamishiwa kwenye mzizi wa seva ya umma, kiungo /duka/picha.png hukatika. Aidha, Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili. Windows kwa kawaida haitofautishi, hivyo kiungo chenye herufi zisizolingana na jina la faili huweza kufanya kazi kwenye Windows na kukatika kwenye Linux. Kinga ya kawaida dhidi ya tatizo la kuhama folda ni kuweka anwani ya msingi katika faili la mipangilio, tofauti kwa kila mazingira, ya ujenzi na ya umma.