Ngitili: Shule ya Malisho Usukumani

Mvua za Novemba zinapoanza Usukumani, nyasi huchipua kila upande, na ni wakati huohuo ambapo wafugaji hufunga sehemu ya malisho yao. Ng'ombe hawaingii humo. Mara nyingi hakuna hata uzio. Mpaka ni kichuguu, mti fulani au njia ya miguu, na kila mtu kijijini anaujua. Eneo hilo ndilo ngitili. Hukaa limefungwa msimu mzima wa mvua hadi Julai au Agosti, malisho ya nje yakishakwisha. Hapo hufunguliwa kipande kwa kipande, na wanaotangulia kuingizwa ni ndama, ng'ombe wakongwe, wagonjwa na maksai wa kulimia, yaani wale wasio na nguvu ya kwenda mbali kutafuta majani.

Ukiutazama kwa karibu, utaratibu huu ni sayansi kamili. Sehemu kubwa ya Shinyanga, mkoa wa Usukumani, hupata mvua ya milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, nayo haina uhakika. Mwezi mmoja hufurika, mwezi unaofuata mbingu zikafunga. Kiangazi huanza Mei na kufika Oktoba. Nyasi zilizoachwa zikue bila kuguswa hutoa mbegu na kuziangusha kabla ya ng'ombe kufika, kisha hukauka zikiwa zimesimama, zikawa ghala la majani makavu lisilohitaji ujenzi. Miti nayo hupata nafasi. Mgunga uliokatwa mara nyingi haufi. Kisiki na mizizi hubaki hai ardhini, na ukinusurika midomo ya mbuzi kwa misimu michache hurudi kuwa mti. Hakuna aliyepanda, hakuna aliyemwagilia. Watu waliacha tu, wakijua waache nini, wapi na kwa muda gani.

Maarifa ya namna hiyo hayakuandikwa popote, lakini yalifundishwa. Mtoto wa Kisukuma alianza na ndama karibu na mji, akapanda hadi kundi la wakubwa kadiri alivyokua. Alijifunza udongo kwa miguu: luseni, mchanga wa juu unaofaa viazi, itogolo chini yake, na mbuga, tope jeusi la bondeni linalopasuka kiangazi na kunasa mwili mzima wa ng'ombe wakati wa masika. Jioni wavulana waliketi na wazee kwenye shikome, moto wa uani, na hapo mchana mzima ulirudiwa kwa maneno: kundi lilikula wapi, lilinywa wapi, ng'ombe yupi alibaki nyuma na kwa nini. Hadithi na vitendawili vilifuata, lakini hesabu ya mchana ilitangulia. Wasichana walikuwa na shule yao kwa mama na bibi, ya kutambua mboga za mwituni, kuchagua kuni, kuhifadhi mbegu, na kukata viazi vitamu na kuvianika viwe michembe, au kuvichemsha kwanza ndipo viwe matobolwa, ili nyumba ivuke miezi ya njaa.

Juu ya familia palikuwa na taasisi. Vijana waliwekwa chini ya nsumba ntale, kiongozi wao wa kazi za pamoja. Wazee, banamhala, walisikiliza mashauri. Mambo ya jamii nzima yalipelekwa dagashida, baraza ambamo kanuni zilijadiliwa na kupitishwa na ambamo mvunja kanuni aliadhibiwa. Kwa hiyo kijana aliyejua ngitili ifungwe lini alijua pia nani ana sauti ya kuifunga. Nalisisitiza hili kwa sababu siku hizi tunapotaja maarifa ya jadi tunawaza majina ya mitishamba tu, tukasahau kwamba ujuzi wa ardhi bila mamlaka ya kuutekeleza ni kumbukumbu tupu.

Mamlaka hayo yalivunjwa hatua kwa hatua. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki. Palipokuwa malisho pakaota vichaka, na vichaka vikaleta mbung'o. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilipokuja kupambana na nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, jibu lake kubwa lilikuwa kufyeka. Charles Swynnerton, aliyekuja kuongoza Idara ya Utafiti wa Mbung'o, alifanya Shinyanga kuwa kituo chake, na tangu miaka ya 1920 maelfu ya watu walikusanywa kukata na kuchoma misitu. Mbung'o alirudi nyuma kweli, na mifugo ikaongezeka. Lakini somo lililobaki vichwani mwa vizazi viwili lilikuwa kwamba kichaka ni adui. Kisha pamba ikapanuka, hasa baada ya Vita ya Pili ya Dunia, ikala ardhi ambayo zamani ingepumzishwa.

Kati ya mwaka 1947 na 1956 ukaja Mpango wa Maendeleo wa Usukuma. Maofisa wake waliona mmomonyoko kwa macho yao na hawakukosea. Waliagiza matuta, wakaweka kanuni za kilimo, wakataka ng'ombe wapunguzwe. Baadhi ya maagizo yale yalikuwa na faida, lakini yalikuja kwa amri, faini na kifungo, bila kuwauliza waliokuwa wakifuga hapo tangu babu zao. Watu walichukia. Hasira ile ikawa kuni katika moto wa siasa za uhuru, katika kanda ambamo TANU, chama kilichopigania uhuru, ilipigwa marufuku kufanya kazi tangu 1954 hadi 1958. Hata leo naona hilo ndilo funzo lililosahauliwa haraka kuliko yote: matuta mema yalibomolewa kwa sababu ya jinsi yalivyoletwa.

Uhuru ulipokuja, Serikali iliondoa utawala wa machifu mwaka 1963, na pamoja nao nguvu ya kisheria iliyokuwa nyuma ya kanuni nyingi za jadi. Miaka minne baadaye, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Ukiusoma leo utashangaa jinsi ulivyoligusa jambo hili. Mwalimu alieleza kwamba kabla ya ukoloni watoto walijifunza kwa kuishi na kutenda, na akaonya kuwa shule inamzoesha mwanafunzi kuamini kwamba maarifa ya maana yako vitabuni na kwa watu waliosoma, huku ya wazazi wake yakionekana ya kizamani. Alitaka kila shule iwe na shamba, na wanafunzi washirikishwe kupanga kazi yake.

Kilichofanyika katika shule nyingi kilikuwa jembe bila darasa. Shamba la shule likawa kazi ya adhabu au njia ya kupata chakula na fedha kidogo, na mzee jirani aliyejua udongo ule hakuitwa kusema neno. Kisha Azimio la Musoma la Novemba 1974 likataka elimu ya msingi iwafikie watoto wote, na kufikia 1977 ikaanza kutekelezwa nchi nzima. Ilikuwa haki yao, na sitaki mtu asome hapa kwamba wavulana wangebaki machungani au wasichana jikoni. Lakini ratiba iliyomtoa mtoto machungani haikumpa mahali pengine pa kujifunza kile alichokuwa akijifunza huko. Miaka hiyohiyo, Operesheni Vijiji, kampeni ya Serikali ya kuwakusanya watu vijijini, ikahamisha watu. Familia ziliacha ngitili zao nyuma na kujengwa pamoja, mifugo mingi mahali pamoja, mbali na ardhi waliyoijua kila kichuguu. Ngitili iliyoachwa bila mwenyewe ikawa ya kila mtu, na kwa hiyo haikuwa na wa kuilinda.

Mwaka 1984 Mwalimu alipopita Shinyanga aliona ukame, mchanga na visiki, akauita mkoa huo jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliokuja kujulikana na kila mtu kwa jina la HASHI, kwa fedha za Norwei na kwa ushirikiano wa kituo cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF. Miaka ya mwanzo ilifuata njia ya kawaida: vitalu, miche, mingine ya kigeni, na wataalamu wakielekeza. Kwa mkulima asiye na maji ya kunywa karibu, kumwagilia mche ni mzigo mkubwa.

Mabadiliko yalikuja pale maofisa walipokubali kukaa na kuuliza. Wazee wakawaeleza kwamba miti mingi haikuhitaji kupandwa. Ilihitaji kufungiwa. Ngitili chache zilizokuwa bado hai zikawa mifano ya kutembelewa. Dagashida zikarudi kujadili mipaka, kanuni na adhabu, serikali za vijiji zikazipa kanuni hizo sura ya sheria ndogo, na sungusungu, ulinzi wa jadi ulioibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 dhidi ya wezi wa ng'ombe, wakachukua kazi ya kulinda malisho. Kaya zikafunga vipande vyao, vijiji vikafunga vya pamoja, na shule pia zikapata ngitili zao.

Takwimu za matokeo zinajulikana sana kwa watafiti na kidogo mno kwa wanafunzi wa Shinyanga wenyewe. Mwaka 1986 ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa takriban hekta 600. Mradi ulipokwisha mwaka 2004, zilikuwa zisizopungua hekta 350,000 katika vijiji 833 vya mkoa wa wakati huo, ambao ulijumuisha maeneo ambayo tangu 2012 yako katika mikoa ya Simiyu na Geita. Utafiti ulioongozwa na Profesa Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine ulikadiria faida ya ngitili kuwa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, ilhali wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo zilipatikana ndani ya ngitili, na aina 145 za ndege. Faida zilizokadiriwa zilikuwa kuni, nguzo, asali, dawa, uyoga, matunda, majani ya kuezekea na maji. Wanawake waliokuwa wakitembea nusu siku kutafuta mzigo wa kuni walipata saa kadhaa za kufanya mengine. Katika vijiji kadhaa mapato ya ngitili za pamoja yalijenga madarasa, na hilo hunigusa kuliko hesabu zote: msitu uliorudi kwa maarifa ambayo shule haikuyafundisha ndio uliolipia matofali ya shule.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Mwenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa alifaidi zaidi ya asiye na kitu, na kaya maskini nyingi zilibaki kununua nyasi na kuni au kuomba. Wanawake walibeba manufaa ya kila siku, lakini sauti ya dagashida ilibaki ya wanaume. Tangu hapo watu wameongezeka, mashamba yamesogea, na ngitili ambayo haimo katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji ni rahisi kugawanywa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinatoa njia ya kuilinda kisheria, kwa kijiji kinachojua njia hiyo na chenye uwezo wa kuifuata.

Usukuma hauko peke yake. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wamelima miteremko mikali kwa vizazi bila kuporomosha udongo kwa kutumia ngoro, mashimo yaliyopangwa kama miraba: wanaume hufyeka na kulaza nyasi, wanawake huzifukia kwa udongo, na kila shimo hunasa maji ya mvua. Wachagga waliteremsha maji ya Kilimanjaro kwa mifongo, mifereji yao ya jadi, hadi vihambani, mashamba ya nyumbani. Misitu ya kaya ya Wamijikenda, pwani ya Kenya, ilihifadhiwa kwa miiko ya wazee hadi ikaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kote huko mtoto hujifunza utaratibu huo nyumbani, kisha huenda shuleni kusoma kuhusu mito na udongo wa mahali asipopajua.

Mtaala mpya wa elimu ya msingi una somo la Jiografia na Mazingira na lingine la Historia ya Tanzania na Maadili. Yote mawili yana nafasi ya ngitili, na Shinyanga, Simiyu na Geita vifaa viko mlangoni. Shule yenye ekari moja iliyofungwa inaweza kuwapa wanafunzi wa darasa la tano kazi ya kuorodhesha nyasi mwezi Novemba na tena mwezi Juni, kwa majina ya Kisukuma na ya Kiswahili, kupima urefu wake ndani na nje ya mpaka, na kumwalika mzee aeleze kwa nini kona fulani hufunguliwa mwisho. Waliokuwa na miaka kumi wakati wa Operesheni Vijiji, watoto wa mwisho kuchunga kabla ya ngitili nyingi kuachwa, sasa wanakaribia au wamepita sitini. Mwalimu mkuu anayetaka kuwaita asisubiri waraka kutoka Dodoma. Mamlaka ya kumkaribisha mzee darasani anayo tayari.