Shimo Lisilochimbwa

Gofu ya kisahani haina shimo hata moja, lakini Wamarekani wanaoicheza huhesabu mashimo 18, sawa na wenzao wa gofu ya fimbo. Jina wamelirithi, kitu chenyewe wamekiacha. Mfasiri wa Kiswahili naye hushawishika kuandika “shimo” na kusonga mbele, kwa kuwa gofu tunayo, na viwanja vyake tumezoea kuvitaja kwa mashimo 9 au 18. Kwangu mimi, hapo ndipo maana inapopotea.

Mchezaji husimama kwenye kianzio, akarusha kisahani cha plastiki kuelekea shabaha, akakifuata kilipoangukia, akarusha tena kutoka hapo mpaka kinase. Mwenye mitupo michache ndiye mshindi. Kisahani hiki si kile cha riadha, ambacho kwa wanaume kina kilo 2. Hiki hakiruhusiwi kuzidi gramu 200.

Zamani shabaha ilikuwa chochote kilichosimama: mti, nguzo ya taa, pipa la taka. Mwaka 1975 Ed Headrick, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya Wham-O na kukiboresha kisahani cha Frisbee, aliweka uwanja wa kwanza wa kudumu katika bustani ya Oak Grove, huko La Cañada Flintridge, California. Shabaha zilikuwa nguzo tupu, na nguzo tupu huzaa ubishi: kimegusa, hakikugusa. Dawa ya Headrick ilikuwa minyororo inayoning’inia kuizunguka nguzo, na chini yake kikapu cha chuma. Minyororo humeza kasi ya kisahani, nacho kikadondokea kikapuni mbele ya macho ya wote. Hataza aliyopewa mwaka 1977 inakitaja, kwa tafsiri yangu, kuwa ni kifaa cha kunasa kisahani kirukacho. Kunasa ndiyo kazi yake hasa.

Tena, kukosekana kwa shimo ndiko kulikouwezesha mchezo huu kukaa katika bustani ya umma. Shimo la gofu ya fimbo hutaka nyasi zilizonyolewa laini pande zote, maji ya kuzinywesha, na watu wa kuzilinda zisikanyagwe ovyo. Nguzo ya kikapu hutaka zege kidogo tu ardhini. Chini ya mialoni ya Oak Grove watu hutembeza mbwa na watoto hukimbia. Mchezaji husubiri wapite, maana kisahani nacho huumiza. Tukiandika “shimo”, msomaji atapiga picha ya uwanja wa klabu wenye uzio, na sababu iliyouleta mchezo huu bustanini itamkwepa.

Kuna tatizo jingine. Kwa Kiingereza neno hilo moja hubeba vitu viwili: shabaha yenyewe, na masafa yote kutoka kianzio hadi shabaha. Kanuni husema kwamba aliye ndani ya mita 10 kutoka kwenye shabaha akisharusha, hawezi kuvuka alama ya pale kisahani kilipoangukia kabla ya kuonyesha kwamba amesimama imara. Ukiandika “mita 10 kutoka shimoni”, mtu atauliza: kutoka mwanzo wake au mwisho wake?

Napendekeza tuvitenganishe vitu hivyo viwili. Shabaha iitwe kikapu. Najua mpira wa kikapu ulishalitwaa neno hilo, lakini kikapu chake hakina kitako, ilhali hiki kinacho, na kinabeba. Masafa yaitwe mkondo. “Njia” ingefaa pia, ila bustani imejaa njia za wapita kwa miguu, na hao ndio tunaotakiwa kuwaepuka. Mkondo unaweza kupinda, kugawanyika na kupita kati ya miti, kama kisahani kinavyopita. “Shimo” tuwaachie wenye fimbo. Kibao cha kianzio kingesomeka hivi: Mkondo wa 7, mita 95, mitupo 3, kikapu kiko nyuma ya mwaloni, kushoto.