Nakala za Ford GT40: Rangi si hoja, hoja ni hati

Na MWANDISHI WETU

JUNI 1966, magari matatu aina ya Ford GT40 yalitwaa nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu katika mbio za saa 24 za Le Mans, nchini Ufaransa. Washindi, Bruce McLaren na Chris Amon, walikuwa wamepokezana usukani usiku na mchana kwa zaidi ya kilomita 4,800. Ferrari ya Italia, iliyokuwa haijashindwa huko tangu 1960, ikavuliwa taji. Ford ilirudia ushindi huo 1967, 1968 na 1969.

Magari asilia ya aina hiyo ni machache mno. Yaliyoundwa katika miaka ya sitini ni mia moja na ushei tu. Mnamo Agosti 2012, moja kati ya hayo, lililowahi kubebeshwa kamera wakati wa kupigwa filamu ya Le Mans iliyoigizwa na Steve McQueen, lilipigwa mnada huko Monterey, California, kwa dola milioni 11. Ndiyo sababu gari la umbo hilo likionekana barabarani leo, aghalabu huwa ni nakala.

Nakala ni gari jipya lililoundwa kwa sura na vipimo vya gari la kale. Si aibu kuwa nalo, maadamu mwenyewe analiita kwa jina lake. Aibu, na pengine jinai, huanza pale nakala inapouzwa kama gari asilia.

Aina za nakala

Aina ya kwanza ni ile inayouzwa vipande vipande. Mnunuzi hupokea kiunzi cha chuma na bodi ya faibaglasi, kisha hutafuta injini, giaboksi na vipuri vingine na kuviunganisha katika gereji yake. Kazi hii ilishamiri sana Uingereza kuanzia miaka ya themanini.

Aina ya pili huundwa kiwandani. Mfano mashuhuri uko barani mwetu: magari ya Superformance GT40 hutengenezwa Afrika Kusini katika jiji la Gqeberha, lililojulikana kama Port Elizabeth hadi 2021. Yanayopelekwa Marekani husafirishwa bila injini wala giaboksi, na hufungiwa mitambo hiyo huko huko. Kiunzi chake ni cha mabati ya chuma yaliyounganishwa kama yalivyokuwa ya asilia, na vipuri vyake vingi vinaweza kufungwa katika gari la kale.

Magari hayo yana kibali cha kutumia jina GT40. Ajabu ni kwamba Ford yenyewe haimiliki jina hilo. Ilipotaka kufufua gari hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000, haikuafikiana na kampuni iliyokuwa na haki ya jina, na gari lililoingia sokoni likaitwa Ford GT.

Ugumu wa kuliunda

Tarakimu 40 katika jina hilo ni kimo chake kwa inchi, yaani yapata sentimita 102 kutoka ardhini hadi paani. Injini ya silinda nane imekaa nyuma ya dereva, ilhali rejeta iko mbele. Maji hayana budi kusafiri urefu wa gari kwenda na kurudi. Fundi asiyetoa hewa yote katika mabomba hayo ataona injini ikichemka siku ya kwanza.

Giaboksi nayo ni kitendawili. Magari ya asilia yalitumia giaboksi za ZF kutoka Ujerumani, ambazo ni adimu na ghali. Waundaji wengi wa Uingereza waligeukia giaboksi za Renault. Hizo hupatikana kwa bei nafuu, lakini injini yenye nguvu kupita kiasi huzichakaza upesi.

Matangi ya petroli yamo kwenye mbavu za gari, kulia na kushoto kwa abiria. Hapa pasiwe na mzaha. Agosti 1966, dereva Ken Miles, aliyekuwa amemaliza wa pili Le Mans miezi miwili tu kabla, alifariki akijaribu gari lililokusudiwa kuirithi GT40 katika uwanja wa Riverside, California. Anayeunda nakala anaunda pia hatari iliyokuwemo katika gari la asilia, na breki au kiunzi kilicholehemiwa vibaya hakitambui kwamba gari ni la kuiga.

Sheria zasemaje?

Uingereza hulikagua kila gari la namna hii peke yake kabla ya kuliruhusu barabarani. Lenye vipuri vya magari mbalimbali, ambalo umri wake hauwezi kuthibitishwa, hupewa nambari ya usajili inayoanza kwa herufi Q. Marekani ilipitisha sheria mwaka wa 2015 inayomruhusu mtengenezaji mdogo kuunda hadi nakala 325 kwa mwaka za magari yaliyotengenezwa angalau miaka 25 iliyopita.

Kwa upande wa mashindano, Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) hutoa pasi ya kiufundi kwa magari ya kihistoria. Pasi hiyo huthibitisha jinsi gari lilivyoundwa ili likubaliwe kushindana. Si cheti kwamba gari lenyewe ni la asilia.

Mnunuzi achunguze nini?

Gari nambari 1075 ndilo lililoshinda mwaka wa 1968 na 1969, likiwa na rangi za kampuni ya mafuta ya Gulf: samawati isiyokolea na mstari wa rangi ya chungwa. Leo nakala nyingi hupakwa rangi hizo. Hilo halimdanganyi yeyote. Kinachodanganya ni kibao cha nambari ya kiunzi.

Kwa hiyo anayetaka kununua na aanze na hati kabla ya kuwasha injini. Aulize kiunzi kilitoka kwa nani na mwaka gani, aone risiti na picha za hatua za ujenzi, kisha alinganishe nambari iliyogongwa katika chuma na ile iliyo katika hati ya usajili. Muuzaji akisema gari lina mabaki ya gari asilia, aonyeshe ni yapi.

Baada ya hapo, aketi ndani. Milango hukata sehemu ya paa, joto la injini li mgongoni, kioo cha nyuma hakionyeshi mengi, na kila tuta la barabarani ni mtihani. Asiyeyaweza hayo atalijutia gari hata kama ni halali.

Aliyeunda nakala kwa mikono yake ana hadithi yake ya kweli ya kusimulia. Hana haja ya kuazima ya Le Mans, kwani njia ya mwongo ni fupi.