Vifungo vya Kiambaza: Tarikhi ya Kamba na Gundi, Bungoma na Kitale

Waandishi wa tarikhi ya magharibi ya Kenya wamekwisha kutuandikia mengi juu ya vita, watawala, misheni na mashamba ya walowezi, na baadhi yao wamezigusa pia nyumba za watu waliopigana vita hivyo na kuyalima mashamba hayo. Walakini hata hao, walipoieleza nyumba, walitaja nguzo, fito, udongo na nyasi, kisha wakapita, wala hawakusimama kitambo kuuliza ni kitu gani kilichozishika fito mahali pake siku ile udongo mbichi ulipokandikwa juu yake. Hapo ndipo ninapotaka kusimama. Nadai kwamba kifungo, yaani ile kamba ndogo inayofichwa na udongo na kusahauliwa siku hiyo hiyo, ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya hikima ya kiambaza, na kwamba mtu akiifuata kamba hiyo kutoka Bungoma hata Kitale, na kutoka zama za mababu hata karakana za leo, ataona habari ambazo vitabu vimeziacha.

Kiambaza hujengwa hivi. Nguzo husimikwa ardhini, na mti uliosifiwa zaidi kwa kazi hiyo ni ule usiopendwa na mchwa, hususan ule ambao Waluhya huuita lusiola na Waluo siala. Kisha fito nyembamba hulazwa zikizipita nguzo kwa ndani na kwa nje, ufito wa ndani ukiukabili wa nje, na kila jozi hufungwa pamoja penye kila nguzo. Udongo ukishakanyagwa kwa miguu na kuchanganywa na nyasi zilizokatwakatwa, watu husimama pande mbili za ukuta, hawa ndani na wenzao nje, wakitupa madonge yakutane katikati, yaumane na kuzimeza fito zote. Hapo ndipo kifungo kinapojaribiwa, kwa kuwa udongo mbichi ni mzito, nao husukuma nje na kuvuta chini kwa wakati mmoja. Ufito ukilegea mahali pamoja tu, ukuta hutoa tumbo, na tumbo hilo halirudi tena. Udongo ukishakauka, mzigo hukihama kifungo ukachukuliwa na udongo wenyewe na nguzo zake, hata mchwa wakiila kamba baadaye ukuta hausikii. Kazi ya kamba, basi, ni ya siku chache, lakini siku hizo chache ndizo zinazoamua umbo la nyumba kwa umri wake wote.

Fundi hodari hujulikana kwa kufunga kwake. Huchukua ukanda wa gome uliokwisha kuroweshwa majini hata ukalainika, akauzungusha kwa mshazari juu ya ufito na nguzo, akaurudisha kwa mshazari wa pili unaoukata ule wa kwanza, akaukaza huku goti lake limeegemea nguzo, kisha ncha akaipenyeza chini ya mizunguko badala ya kuipiga fundo nene. Gome likikauka hunywea, na kwa kunywea kwake hujikaza kuliko mkono ulivyoweza kulikaza. Ama fundo nene ni kosa katika kazi hii, na sababu yake ni dhahiri kwa kila aliyewahi kubomoa ukuta wa kale: nyuma ya fundo nene udongo haukuingia, palibaki uvungu, na penye uvungu ndipo ufa ulipoanzia. Kifungo kizuri, kwa hiyo, hutakiwa sifa mbili zinazopingana, yaani kiwe na nguvu ya kuushika ufito, na kiwe chembamba kiasi cha kutouzuia udongo kuushika ufito huo huo. Sijui sanaa nyingi za ujenzi zinazodai mizani nyeti kama hiyo kutoka kwa kitu kisichoonekana.

Nchi hii ilikuwa na ustadi wa udongo kabla ya ukoloni. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huku mwaka 1883 akielekea Ziwa Viktoria na kisha Mlima Elgon, alikuta vijiji vilivyozungushiwa kuta za udongo. Na Wabukusu walikuwa na ngome zao, zenye kuta na mahandaki, ambazo mwaka 1895 zilikabili jeshi la Waingereza lililokuwa na askari wa Kisudani na Waganda, na C. W. Hobley akiwa miongoni mwa wakuu wa msafara ule, kwanza Lumboka, kisha Chetambe juu ya vilima vya Webuye. Ngome zilianguka na watu wengi waliuawa. Msiba huo haukusahauliwa: mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwakusanya wafuasi wake Chetambe kuwakumbuka waliokufa pale. Ngome zile husifiwa, na ni haki yake kusifiwa. Lakini ukuta wa ngome husimama kwa unene wake, ilhali ukuta wa nyumba, ambao hauna unene huo, husimama kwa fito zake na kwa jinsi fito hizo zilivyofungwa. Nao watu walipoiacha desturi ya kukaa ngomeni wakatawanyika kila mtu katika ardhi yake, ujuzi uliowafuata huko ulikuwa ni huu wa fito na kamba.

Kisha nyumba yenyewe ikabadilika umbo. Mwanzoni mwa ukoloni serikali ilianza kutoza kodi ya nyumba, na kila paa likawa ni hesabu katika daftari. Katika miaka iyo hiyo nyumba ya pembe nne ilikuwa ikiingia kwa njia mbili, njia ya wafanyabiashara Waswahili waliokuwa wamepiga makao Kwa Mumia, katika mji wa Nabongo, yaani mfalme, wa Wanga, na njia ya misheni, kama ile ya Friends iliyoanzishwa Kaimosi mwaka 1902 kwa nia ya kufundisha dini pamoja na kazi za mikono. Wengi wameandika juu ya mabadiliko hayo kama habari ya ustaarabu na mitindo. Kwa fundi wa kiambaza ilikuwa ni habari ya pembe. Katika nyumba ya mviringo ufito hujipinda ukalifuata duara, na kwa kujipinda hujibana wenyewe juu ya nguzo, hata kamba ikawa ni msaidizi tu. Katika nyumba ya pembe nne ufito hufika pembeni ukakoma, na ncha yake, isiyo na mahali pa kuendelea, hutaka kuruka nje kila donge la udongo linapoupiga ukuta. Pembe zikataka nguzo iliyo nene zaidi, vifungo vya karibu karibu, na kamba ndefu inayoizunguka nguzo na kuzikamata fito za kuta zote mbili kwa mkupuo mmoja. Mtu akitaka kujua kama fundi wa zamani alikuwa stadi, asiutazame ukuta katikati; na autazame pembeni.

Waswahili walioleta umbo hilo walikuwa wenyewe ni watu wa kamba tangu kale. Chombo chao mtepe, kilichokuwa kikiundwa katika visiwa vya Lamu, kilishonwa kwa kamba za kumbi bila ya msumari hata mmoja, na kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza kiitwacho Periplus kimekwisha kutaja vyombo vya kushonwa katika pwani yetu. Lakini kamba ya mtepe hubeba chombo umri wake wote, nayo hukaguliwa na kushonwa upya. Kamba ya kiambaza hutumika mara moja ikazikwa. Ni sanaa mbili mbali mbali, na ya pili haikupata wa kuisifu.

Baada ya magome ukaja mkonge. Daktari Richard Hindorf aliuingiza Tanganyika mwaka 1893, alipoagiza vichipukizi elfu moja kutoka Florida, vikafika vikiwa hai 62 tu, na kutoka hivyo sitini na viwili kilimo kikubwa kikaenea katika nchi za Afrika Mashariki. Huku kwetu magharibi mkonge uliingia zaidi kama ua wa mpaka na mali ya mkulima mdogo. Jani lake hupasuliwa kwa urefu, hupitishwa juu ya moto au huanikwa juani hata likalegea, na ukanda wake ukawa kifungo cha ukuta kisichohitaji safari ya kwenda mwituni. Faida hiyo si haba kwa nchi ambayo misitu yake ilikuwa ikipungua.

Upande wa Kitale mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mji ule uliopo kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani ni mji wa walowezi, ambao wengi wao walikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na nyumba za kwanza za hao walowezi wenyewe zilikuwa za fito na udongo na kuezekwa nyasi, zikijengwa kwa mikono ya Waafrika waliojua kazi hiyo. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Gari la moshi lililochukua mahindi kwenda pwani lilirudi na mabati, misumari na waya. Na mashamba ya muwati ya upande wa Eldoret, yaliyopandwa kwa ajili ya magome yaliyopelekwa katika kiwanda cha kuchuja dawa ya ngozi, yaliacha nguzo na fito nyingi zilizonyooka, za bei nafuu. Ndipo msumari ukaanza kuiondoa kamba. Siupingi msumari, kwa sababu umewapunguzia watu kazi. Lakini haki isemwe kwamba ufito mbichi uliopigiliwa msumari mara nyingi hupasuka, na ukikauka hulegea msumarini, ilhali kifungo cha gome hukauka pamoja na ufito na kukaza pamoja nao. Waliosema kwamba kamba ni umaskini na msumari ni maendeleo hawakuutazama ukuta baada ya mwaka mmoja.

Wakati hayo yakitukia Kitale, ng'ambo ya bahari kaumu nyingine ya mafundi ilikuwa ikielekea katika swali hilo hilo bila ya kujua. Katika miaka ya 1930 Wamarekani walijifunza kuvuta kioo kikawa nyuzi nyembamba kwa wingi wa kibiashara, na baada ya muda nyuzi hizo zikachanganywa na rezini, kitu kioevu kinachogeuka kigumu, hata mwaka 1953 gari la Chevrolet Corvette likatoka kiwandani likiwa na mwili wa nyuzi za kioo. Hiki nacho ni kiambaza: nyuzi mahali pa fito, rezini mahali pa udongo. Katika karakana za jua kali za nchi yetu, ambako kazi hii huitwa faiba, na bampa na vipande vya miili ya magari hutengenezwa kwayo, rezini hupakwa kwa brashi na mkeka wa nyuzi hulazwa juu yake, na unato wa rezini yenyewe hutosha kuushika. Shida huja pale kazi inapokuwa kubwa, kama boti au pangaboi la umeme wa upepo, na mikeka ikalazimika kulazwa mikavu ndani ya kalibu, tabaka juu ya tabaka, kabla hewa haijanyonywa na rezini kuvutwa iingie. Mkeka mkavu uliosimamishwa kwenye ubavu wa kalibu huteleza. Penye pembe hubanduka na kuruka, kama vile ufito wa nyumba ya pembe nne.

Dawa ambayo mafundi hao wa nyuzi waliipata ni gundi ya kupuliza, iliyowezekana kwa sababu ya kopo la kupulizia ambalo Erik Rotheim wa Norwe alilibuni katika miaka ya 1920. Fundi hupuliza ukungu mwembamba juu ya kalibu au juu ya mkeka, husubiri kidogo unate, kisha huulaza mkeka na kuukandamiza kwa kiganja. Na kanuni zake ni zile zile nilizozieleza juu. Akipuliza kidogo mno, mkeka utahama rezini ikija. Akipuliza kwa wingi, gundi itazifunika nyuzi, rezini isizifikie, na tabaka zitakuja kuachana mahali hapo siku chombo kitakapobeba mzigo. Gundi iliyo bora kwa kazi hiyo ni ile inayopatana na rezini, ikayeyuka ndani yake na kutoacha uvungu wala utando, ikiwa imekwisha kumaliza wajibu wake. Fundi wa Bungoma aliyekataa fundo nene na mhandisi anayeonya juu ya gundi nyingi wangefahamiana kwa lugha ya mikono bila ya mkalimani, na sioni sababu ya kumwita mmoja mtaalamu na kumwacha mwingine bila jina.

Kitale pana mahali panapofaa kuihifadhi elimu hii. Jumba la makumbusho lililotokana na mkusanyo wa Luteni Kanali Hugh Stoneham, ulioanza kuonyeshwa mwaka 1926, na ambalo jengo lake jipya lilifunguliwa mwaka 1974 kwa mali aliyoiusia, lina nyumba za jadi za makabila ya magharibi zilizojengwa uwanjani, nazo wanafunzi huja kuzitazama. Naomba katika uwanja huo usimamishwe ukuta mmoja ambao nusu yake haikukandikwa, ili mtoto auone mpito wa kamba, auguse, na ajaribu kuufungua. Na wewe msomaji uliye na mzee katika boma lenu, Kimilili, Sirisia, Kiminini au Endebess, nenda kwake kati ya Disemba na Februari, kipindi cha kiangazi ambacho kuta hujengwa, ukiwa na daftari. Muulize gome ni la mti gani na liliroweshwa muda gani, mwombe akufungie ufito mmoja mbele ya macho yako, kisha uyaandike yote kabla hajachoka.