Saa za Betri na Neno la Muuzaji

Juma hili tuzungumzie swali ambalo kila mnunuzi wa kompyuta ya kubebeka huliuliza dukani: betri yake inakaa saa ngapi? Muuzaji hujibu upesi, "Hadi saa kumi." Wateja wengi huishika ile kumi na kuisahau ile "hadi". Mzozo wa saa za betri umejificha humo, na si wa leo.

Mwaka 1981 ilitoka Marekani kompyuta iitwayo Osborne 1, ikasifiwa kuwa ni ya kubebeka. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi na kioo cha inchi 5. Lakini ndani yake hamkuwa na betri. Mwenye nayo aliibeba kutoka soketi moja hadi nyingine, na umeme ukikatika kazi ikakatika.

Mwaka 1983 ikaja TRS-80 Model 100, iliyoundwa na Kyocera ya Japani na kuuzwa na Radio Shack ya Marekani. Waandishi wa habari waliipenda mno, kwani iliwawezesha kuandika safarini na kupeleka habari kwa njia ya simu. Ilitumia betri 4 ndogo za AA, zile zile za redio na tochi, ikafanya kazi kwa saa 20 hivi.

Hebu tupige hesabu. Betri nne za volti 1.5 zikipangwa mfululizo hutoa volti 6. Betri nzuri ya aina hiyo ina ujazo wa ampea-saa 2 na ushei. Gawanya kwa saa 20, unapata kama moja ya kumi ya ampea. Zidisha kwa volti 6, unapata wati 0.6 au 0.7. Umeme unaowasha globu moja ya wati 60 ungeendesha mashine kama 90 za namna hiyo! Betri zilikuwa ndogo. Siri ilikuwa matumizi madogo. Haikuwa na diski ya kuzungushwa na mota, kioo chake hakikuwa na taa, na ikikaa dakika 10 bila kuguswa ilijizima yenyewe.

Aidha, maandishi yote yalikaa katika kumbukumbu iliyohitaji umeme hata mashine ikiwa imezimwa. Kwa mwandishi aliye mbali na ofisi, kujua betri imebakiza nini kulikuwa ni kujua kama habari yake itafika au itapotea.

Sasa tazama Macintosh Portable ya Apple, ya mwaka 1989. Ilikuwa na uzito wa kilo 7 hivi, na betri ya risasi na asidi, jamaa ya betri ya gari. Kampuni iliahidi saa 6 hadi 12. Msikilizaji, 12 ni mara mbili ya 6! Tofauti hiyo ilitokana na kazi: diski ikizunguka mara kwa mara, saa zinapungua, ikilala, zinaongezeka. Mwaka 1991 Apple iliongeza taa nyuma ya kioo, kwa kuwa watu walilalamika kuwa hawaoni vizuri. Saa za betri zikashuka kwa karibu nusu. Wanunuzi walipata mwanga, wakaulipia kwa saa.

Basi kipimo cha haki ni kipi? Kuipima betri volti tu hakutoshi. Wenye redio za betri wanajua kwamba betri iliyochoka, ukiianika juani au ukiipumzisha, huinuka tena kwa muda mfupi, kisha huanguka. Volti zimerudi, lakini nguvu haipo. Dawa ni kuweka mita ya ampea katika njia ya umeme, mashine ikiwa kazini, na kushika saa mpaka betri iishe.

Miaka ya 1990 kazi hiyo ilizidi ugumu. Kichakataji cha Intel 386SL cha mwaka 1990, na utaratibu wa APM uliotolewa na Intel na Microsoft mwaka 1992, viliiwezesha mashine kulaza sehemu zake zisizo na kazi. Tangu hapo matumizi hupanda na kushuka kila mara. Ndiyo maana zilitungwa programu za majaribio, kama MobileMark ya mwaka 2002, zinazoipa kila mashine kazi ile ile hadi betri iishe. Hata hivyo, anayepunguza mwanga wa kioo kabla ya jaribio atapata saa nyingi kuliko mwenzake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Unaponunua kompyuta, hasa iliyotumika, usiulize "saa ngapi" peke yake. Uliza: saa ngapi zikifanya kazi gani, na kioo kikiwa na mwanga kiasi gani? Kompyuta nyingi za leo zinaweza kutoa ripoti ya betri, inayoonyesha ujazo wa kiwandani na ujazo uliobaki. Mwombe muuzaji aifungue mbele yako kabla hujatoa fedha. Kama uliobaki ni nusu, zile saa kumi alizokutajia zilikwisha kuliwa na mwenyewe wa kwanza.