Judo Ilianzia Miguuni

Kano Jigoro alikuwa na miaka 21 alipofungua chuo chake cha Kodokan mwaka 1882, katika hekalu la Eishoji jijini Tokyo. Ukumbi ulienea mikeka 12 ya tatami, basi. Huko aliendelea kujifunza jujutsu ya mkondo wa Kito kwa mwalimu wake Iikubo Tsunetoshi, mzee wa miaka kama 50 ambaye bado alikuwa akimbwaga kijana huyo apendavyo.

Kisha, kwenye mwaka 1885 hivi, mambo yakageuka. Siku moja kila Iikubo alipojaribu kumwangusha alishindwa, na Kano ndiye aliyekuwa akimwangusha yeye. Mzee akataka kujua siri. Kano akamweleza alichokigundua: mtu akisukumwa, husukuma naye, akivutwa, hujivuta nyuma. Hapo hapo uzito wake humponyoka, na kabla hajajiweka sawa ndipo pa kumwangusha. Iikubo akakiri kwamba hana tena la kumfundisha, na baadaye akamkabidhi hati za mkondo wake. Kwangu mimi, judo ilizaliwa siku hiyo, hata kama jina lilikuwapo tayari.

Lakini kuiwahi nafasi hiyo kunahitaji miguu iliyo tayari, na miguu yenyewe ilikuwa imeshafikiriwa zamani. Katika miaka ya 1640 Miyamoto Musashi, bingwa wa upanga, aliandika kwamba vidole vya mguu viwe vyepesi na kisigino kikanyage imara, mtu atembee kama atembeavyo siku zote, bila kurukaruka.

Kwenye judo utaona faida ya kutembea hivyo katika mtama uitwao de-ashi-barai. Nyayo zako zinateleza, haziachani na mkeka. Mpinzani anatanguliza mguu, na uzito ndio kwanza unauingia. Hapo unaufagia kwa wayo. Ukiwahi, uzito wote bado uko mguu wa nyuma, naye hatikisiki. Ukichelewa, ameshakita. Nafasi ni ya kufumba na kufumbua, na mwenye kunyanyua miguu ovyo haipati kamwe.

Aliyeufikisha mbali zaidi ustadi huu wa miguu ni Mifune Kyuzo, aliyejiunga na Kodokan mwaka 1903. Alikuwa mfupi, na kilo 60 hakuzifikisha. Alibuni kuki-nage, mbinu ya kumwangusha mtu kwa mikono tu, bila kumgusa kwa nyonga wala mguu. Filamu ya mwaka 1955 inamwonyesha, akiwa amevuka miaka 70, akiwaangusha vijana wenye miili mikubwa. Ukiipata, iache mikono yake; tazama anavyosogea kabla hajawavuta.