M-Pesa Haikuanza Kama M-Pesa

Wasee, wiki jana nilipiga hesabu ikaniuma. Tangu niwachane na chuo mwaka wa pili, nimefanya video za ruracio, mabango ya kampeni, matangazo ya mazishi, menyu za hoteli hapa Nyeri mjini, hadi karatasi ya bei ya kinyozi. Miaka miwili ya kazi. Lakini kila Jumatatu naanza sifuri: mteja mpya, maelezo mapya, kubishania bei upya, halafu kumkimbiza mtu alipe nusu iliyobaki. Kuna mmoja hadi leo akiona namba yangu anakata simu.

Hii inaitwa kuishi kwa miradi. Kazi ikiisha, pesa nayo imeisha. Njia ya pili ni kuwa na bidhaa: kitu kimoja unachotengeneza vizuri, na mtu wa kwanza na wa elfu wanakinunua vile vile kwa bei ile ile. Kila mtu mtandaoni anatuambia tuhamie huko, lakini ukiuliza unahama vipi, kimya. Kwa hivyo nimeenda kusoma historia, na mfano niliopata uko kwa simu yako.

Kwanza kumbuka pesa ilivyosafiri kabla ya 2007. Mathe alikuwa anafanya kazi Nairobi, cucu yuko Tetu. Mathe anaweka noti kwa bahasha, anaandika jina, anampatia dere wa matatu ya Nyeri anayemjua. Cucu anashuka hadi stegi mjini na kungoja. Gari likichelewa, anangoja tu. Bahasha ikipotea njiani, utamshtaki nani?

Ungedhani Safaricom waliona shida hiyo wakaanza kuitatua. Wapi! Walianza na mikopo.

Vodafone, kampuni ya Uingereza yenye hisa kubwa ndani ya Safaricom, ilipata karibu pauni milioni 1 kutoka kwa mfuko wa serikali ya Uingereza wa kusaidia huduma za kifedha, nayo ikaongeza pesa zake. Aliyekuwa na wazo ni Nick Hughes wa Vodafone, na Susie Lonie akatumwa Kenya kulifanya lifanye kazi. Oktoba 2005 majaribio yakaanza Nairobi na Thika, pale unapopita ukipanda kuja huku kwetu. Mshirika alikuwa Faulu Kenya, ambayo wateja wake walikopa kwa vikundi na kulipa kwenye mikutano. Mpango ulikuwa mtu apokee mkopo na kuulipa kwa simu, asibebe pesa taslimu. Wateja walikuwa kama 500, na maduka ya kutoa na kuweka pesa yalikuwa 8 tu.

Huo ulikuwa mradi kamili: una mfadhili, una mshirika, una kazi moja iliyoandikwa kwa karatasi. Na ile kazi ya kwa karatasi ndiyo ilisumbua. Kulinganisha malipo ya simu na vitabu vya mkopeshaji kulikuwa kazi ngumu. Halafu kikundi kinashikwa pamoja na mkutano. Mtu akishalipa akiwa sokoni, anakuja mkutanoni kufanya nini?

Lakini wale wateja 500 walikuwa wameanza mambo yao. Wenye biashara walikuwa wanalipana wao kwa wao. Wengine waliweka mauzo ya siku kwa simu usiku kucha, maana benki ilikuwa imefungwa na duka la wakala bado liko wazi. Wasafiri waliweka pesa upande mmoja wakaitoa upande mwingine, ili wasitembee nayo mfukoni. Wengine walinunua muda wa maongezi wakawatumia jamaa wa mashambani, kama njia ya kuwapa pesa. Mwanamke mmoja, mumewe alikuwa ameibiwa, akamtumia nauli ya kurudi nyumbani.

Hakuna aliyewafundisha hayo. Na hapo ndipo timu ilifanya kitu ambacho mimi sijawahi kufanya: iliangalia kile watu wanarudia bila kuambiwa, ikakata kile kilichoandikwa kwa mpango. Huduma ilipozinduliwa kwa nchi nzima Machi 2007, habari ya vikundi na mikopo haikuwemo. Ujumbe ulikuwa mmoja: tuma pesa nyumbani. Nyumbani kwa mtu wa Nairobi ni Tetu, ni Othaya, ni Mukurwe-ini. Ni cucu pale stegi.

Angalia bei pia. Kumtumia mtu aliyesajiliwa kulikuwa shilingi 30, na kuweka pesa kulikuwa bure. Bei iko ukutani kwa wakala. Humpigii mtu kuomba kotesheni, na hapimi sura yako kabla ya kukutajia. Ndani ya mwaka mmoja waliosajiliwa walipita milioni moja.

Na ile mikopo? Ilirudi Novemba 2012 kwa jina M-Shwari, ikishirikiana na Commercial Bank of Africa. Safari hii hukuhitaji kikundi wala mkutano. Kwa hivyo kukata si kuzika. Unaweza kuacha kitu leo, ukakirudia miaka mitano baadaye ukiwa na njia ya kukibeba.

Sasa najua mtu ataniambia, "Buda, wao walikuwa na pauni za mfadhili, wewe una kodi ya nyumba." Ni kweli, na sitaki kukudanganya. Majaribio yao yalilipiwa na mtu mwingine. Mimi nikiacha ruracio zote kesho, tarehe tano landlodi atabisha mlango. Lakini mradi ule ndio uliowalipia kujifunza, na mimi pia miradi yangu inanilipa. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wanaangalia, mimi nilikuwa nakula pesa na kusahau.

Kwa hivyo nimefungua meseji zangu zote za kazi nikasoma. Sentensi inayorudi zaidi ni hii: "Badilisha tu bei." Ni ya akina mama wa mitumba wa Karatina, wa duka la mbolea, wa hoteli ya chapati. Nimekuwa nikichukulia hiyo kama usumbufu, nabadilisha bure saa nne usiku nikilalamika. Kumbe miaka miwili walikuwa wananiambia wanachotaka kununua: tangazo la status ambalo mwenye duka anabadilisha bei mwenyewe kwa simu yake, bila kunitafuta.

Nimeanza kulitengeneza. Ruracio za Jumamosi nitaendelea nazo, ndizo zinalipa kodi. Mabango ya kampeni nimeacha, na imeniuma, kwa sababu ndiyo yalikuwa na pesa nyingi. Hilo tangazo litakuwa shilingi 300 kwa mwezi, kwa kila mtu, na siku ya soko Karatina nitaenda nalo nikiwa nimeandika bei kwa karatasi kubwa. Mtu akiniuliza "Utanifanyia ngapi?" nitamwonyesha karatasi.